Kompyuta Iliyovaa Buibui

Mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Wanaume wana wapigapicha wao, wanaosimama msikitini wakichukua ndoa ikifungwa na kahawa ikimiminwa, na ukiitazama video yao utaona kofia mwanzo hadi mwisho. Mimi naingia kule mabuibui yanakotundikwa. Na mwanamke wa mjini akishavua buibui huwezi tena kumjua. Yule uliyezoea kupishana naye Mkunazini, umemzoea macho na mkoba, anatokeza na nywele hadi kiunoni, gauni la kumetameta na mkufu wa bibi yake, naye ndiye wa kwanza kushika uwanja ngoma ikilia.

Kwa hiyo nina sharti, na sharti hilo ndilo linalonipa kazi: hapana mwanamume atakayeziona picha hizo. Si kaka yangu, si jirani, si fundi. Kwa ustadi wapo wanaonipita, tena mbali. Lakini wao wana waume, na mume wa mpigapicha ni mtu asiyeaminika hata akiwa imamu. Mimi niliachika zamani, nakaa Kiponda na mama yangu, Bi Tahiya, ghorofani, na mwanamume pekee anayeingia kwetu ni yule anayesoma mita ya umeme. Watu wakanihesabu kuwa mahali pa salama. Talaka yangu ndiyo iliyonijengea jina.

Picha zote nilikuwa nikizitengeneza kwenye kompyuta moja ya mezani, kasha jeusi zito la kusimama, niliyoinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Maisha yake yote ilizoea kuandika barua; mimi nikaitwika harusi. Na kwa kuwa amana ya watu ni nzito, niliishonea kifuniko kwa buibui langu la zamani, na chumba chake nikakitia kufuli. Nilikuwa nikiamini, kwa akili yangu kabisa, kwamba wanawake wa mji mzima wamo mle ndani wamekaa vichwa wazi, na mtu akifungua kasha bila ya kubisha hodi watakurupuka kutafuta mitandio.

Mambo yaliharibika siku nilipopokea zamu yangu ya fedha za mchezo wa akina mama nikanunua kamera mpya. Kamera yenyewe ilikuwa ya kutisha kwa uzuri. Ilichukua picha kubwa, safi, unaweza kuhesabu shanga za gauni kutoka mlangoni. Nilimwonyesha Sichana, mshirika wangu, ndiye anayeshika taa. Sichana ni Mtumbatu, alikuja mjini kuolewa, ndoa ikamshinda, mji haukumshinda. Maneno yake hayana mapambo.

"Na ile kompyuta itaweza kula picha kubwa namna hii?" akaniuliza.

"Kompyuta haili, Sichana."

"Basi itavimbiwa."

Nilicheka. Nilimhurumia kidogo, mtu asiyejua mambo ya kitaalamu.

Harusi ya kwanza ya kamera mpya ilikuwa ya Rasha, binti wa Bi Mize wa Mtoni. Ilikuwa harusi kubwa. Ukumbi ulipambwa kwa asumini hadi watu wakapiga chafya, na shangazi za bwanaharusi walikuja kutoka Maskat na masanduku yaliyojaa vitambaa. Rasha mwenyewe alikuwa aondoke na mumewe kwenda huko huko Maskat Ijumaa ya wiki ya pili, na Bi Mize alitaka video iwe tayari kabla binti hajapanda ndege. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo nikiwa nimeishika kamera mpya mkononi, na mtu aliyeshika kitu kipya huahidi chochote.

Nilipozitia zile picha kwenye kompyuta, ilitulia. Kisha feni yake ikaanza kulia, ikalia kama mtu anayepandisha mashetani, na mshale wa kwenye kioo ukagoma kusogea. Nikasubiri. Nikenda kusali, nikarudi, mshale ulikuwa pale pale. Ilipokubali hatimaye kuionyesha harusi, ngoma ilisikika kabla ya mpigaji kuinua mkono, na Rasha akakwama katikati ya kuinuka kwenye kiti, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akabaki hivyo.

Wakati huo huo Bi Mize akapiga simu.

"Bahiya mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Video inaendeleaje?"

"Inaendelea," nikasema, nikimtazama binti yake na jicho lake moja.

Fedha za kununua kompyuta nyingine sikuwa nazo. Zote zilikuwa zimelala ndani ya kamera. Nikaingia mtandaoni kutafuta njia ya maskini. Huko nikampata kijana mmoja wa mbali, ndevu zimechongwa, anazungumza haraka kama dalali wa mnadani. Alifungua kompyuta, akachomoa kidude kidogo bapa, akaweka kingine, akafunga, akacheka. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Katika kila maneno matatu aliyosema nililifahamu moja, na lile moja nikalipenda: prosesa. Ndio ubongo wa kompyuta, kumbe. Basi nikajua ugonjwa wa mashine yangu na dawa yake. Inahitaji ubongo mpya, tena ule aliouita i7, wenye nguvu. Kwa kweli aliyehitaji ubongo mpya alikuwa mwingine, lakini huo hauuzwi mtandaoni.

Nikenda Mlandege kwa Sabri. Sabri ana duka la kompyuta za mtumba na vipuli vyake, duka jembamba kama ukanda, mwenyewe amekaa mbele na kikombe cha kahawa, nyuma yake vimetundikwa nyaya na feni na makasha yaliyopasuliwa kama mbuzi wa Idi. Ni mtu wa maneno mengi, anajipenda kidogo, hawezi kukuuzia hata waya bila ya kukupa historia yake. Niliingia kwa kishindo.

"Nnataka prosesa," nikasema. "i7."

"Karibu, bibie. Madabodi yako ya namna gani?"

Madabodi ni ule ubao mpana ulioko ndani, ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Hilo nilikuwa nimeshalisoma. Kwamba ziko namna nyingi sikuwa nimefika.

"Ya kijani," nikamjibu.

Sabri akaiweka kahawa chini. "Nyingi ni za kijani."

"Hii yangu ni kijani kilichoiva."

Akanitazama kwa upole, upole ule ambao ni mbaya kuliko kucheka. "Basi niletee kompyuta yenyewe niifungue. Prosesa haiingii ubao wowote tu. Kila ubao na tundu lake."

"Haiwezekani kukuletea."

"Kwa nini?"

"Ina wanawake."

Watu wawili waliokuwa wakichagua chaja mlangoni waligeuka wote kwa pamoja. Nikahisi uso unaniwaka. Sabri alifungua mdomo, akaanza, "Kama ni picha tu, bibie, si ungefanya..." lakini mimi nilikuwa nshatoka, nshapita duka la tatu, na mtandio umenikaa upande.

Nilipofika nyumbani hasira ilinifanya niwe mwerevu zaidi. Kwenye kundi moja la simu nikampata muuzaji wa Dar es Salaam, ana i7 iliyotumika, bei nusu ya ile niliyodhani Sabri angenitajia. Nasema niliyodhani kwa sababu sikumpa Sabri nafasi ya kutaja bei yoyote. Muuzaji wa Dar sikumuuliza prosesa yake inaingia ubao gani. Nilimuuliza kama imetunzwa. Akaniapia kuwa ilikuwa ya mwalimu. Nikaridhika, maana walimu ni watu wenye adabu. Ikaja kwa boti, imefungwa kwenye sanduku la karatasi za kupangusia mikono.

Nilitandika mkeka sebuleni, nikailaza kompyuta ubavu, nikaivua buibui lake. Mama akavuta kiti kuja kutazama. Mama yangu ni somo. Maisha yake yote amefundisha wari na kuwasinga, na hakuna kitu kinachopakwa au kuvuliwa ambacho hana neno nacho. Sichana naye alikuwepo, ameegemea mlango, amekunja mikono.

Nilifungua feni, nikaitoa prosesa ya zamani, nikaishika ile mpya kwa ncha za vidole. Kwenye video ya kijana wa ndevu ilidondoka mahali pake yenyewe. Ya kwangu ilikaa juu juu, imeinama upande mmoja, kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti. Nikaigeuza. Ikainama upande mwingine. Nikajiambia ni ugeni tu, nikashusha kile kifuniko chake cha chuma, nikakandamiza kijiti cha kufungia. Kikatoa sauti, krrr.

"Kimelia," akasema mama.

"Vinalia hivyo. Hata kwenye video kililia."

"Cha kwenye video kililia mara moja. Hiki kimelia kama kuku."

Nikachukua dawa ya kupoza, uji mzito mweupe unaopakwa juu ya prosesa ili moto upande kwenye feni. Sikujua kiasi, nikaona salama ni kuzidisha. Nikaipaka kwa kidole, nikaieneza, nikaongeza. Mama akasogeza kiti mbele.

"Bahiya, hiyo nyingi. Mwari mzima simpaki liwa hiyo."

"Mama, hii si liwa."

"Nimeona si liwa. Liwa ingekuwa inanukia."

Nikarejesha feni, uji ukamiminika pembeni, nikaupangusa kwa ncha ya kanga, nikachomeka umeme. Feni ikazunguka, ikasimama. Ikazunguka, ikasimama. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha, nikasoma Bismillahi, nikawasha, Sichana akapiga kofi ubavuni mwa kasha, nikawasha. Ilizunguka na kusimama vile vile.

Basi nikasema nirudishe prosesa ya zamani, tukubali kwenda polepole. Nilipofungua tena ndipo nilipoona. Kwenye tundu la ubao mna vijiti vidogo vya dhahabu, vingi kama manyoya ya brashi, na upande mmoja wote ulikuwa umelala, kama nyasi alizolalia mbuzi. Nilikuwa nimeukandamiza ubongo wa tundu jingine juu yake. Mama akaleta miwani na sindano ya kutungia vikuba vya asumini, akasema tujaribu kuvinyanyua. Nilivinyanyua vijiti viwili vizuri sana. Cha tatu kilikatika, na nikakiona kikirukia kwenye ukili wa mkeka.

Asubuhi ile nilikuwa na kompyuta nzito. Adhuhuri nilikuwa na kasha.

Bi Mize alipopiga simu nilimwachia Sichana apokee. Nikamsikia akisema, "Bahiya hawezi kuzungumza sasa, amekaa chini." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa chini, mikono imejaa uji mweupe, nalia bila ya sauti ili mama asisikie, naye yuko karibu yangu ananipepea kwa ukaya wake. Kilichoniliza si kompyuta. Nilikuwa nimejiona mtu wa maana, mwanamke mwenye mashine yake na siri za mji, na mwisho wake nimeshindwa na kidude kisichofika ukubwa wa biskuti.

Mama akaniacha nilie mpaka nikatosheka. Kisha akasema, "Kanawe. Halafu uende kwa huyo fundi."

"Picha za watu, mama."

"Kaa naye karibu umtazame mikono. Mimi huwatazama wasusi hivyo hivyo."

Siku ya pili tukaibeba, mimi mbele na Sichana nyuma, kompyuta katikati imevaa buibui lake. Kwenye vichochoro vya Kiponda hupiti na mzigo bila ya kuulizwa. Mzee Ghanim, jirani yetu, alikuwa barazani na wenziwe.

"Mnahama, Bahiya?"

"Hatuhami, Mzee Ghanim. Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo mliyemfunika?"

"Mgonjwa," akasema Sichana, na wazee wote wakamwombea shifaa.

Sabri alipotuona tukiingia hakusema neno, na kwa mtu kama Sabri hiyo ilikuwa sadaka kubwa. Nikamweleza masharti kabla hata ya kuweka mzigo chini: atafungua mbele yangu, hatawasha kioo, na mlango urudishwe. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitikisa kichwa kukubali, kama msikilizaji wa hotuba. Kisha akaivua kompyuta buibui lake, akafungua ubavu wa kasha, akalegeza skrubu, akachomoa kisanduku chembamba cha chuma, akanipa mkononi. Na alipokuwa akinipa aligeuza uso pembeni, kama anavyofanya mtu akipishana na wake za watu kwenye ngazi.

"Hao wanawake wako," akasema. "Picha zote zimo kwenye diski hii, mahali pengine hakuna. Siku ile nilitaka kukwambia uichomoe uiache nyumbani kabatini, uniletee kasha tupu. Ulikuwa na haraka."

Nilikishika kile kidude. Kilikuwa kinaenea kwenye mkoba, tena mkoba mdogo, ule wa kwendea maulidini. Sichana alikitazama, akanitazama mimi, akaamua kutazama nyaya zilizotundikwa ukutani.

"Miaka yote ile," nikasema, "nimelitia kufuli kasha."

"Kufuli si mbaya," akasema Sabri. "Huzuia vumbi."

Kisha akaangalia ndani, akaiona kazi yangu. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa uji, akapangusa, akabadilisha kitambaa. "Nani aliyepaka hii?" akauliza. Nikasema ni mtu mmoja tu aliyekuwa akisaidia.

Maelezo yake yalikuwa marefu, nayakata. Prosesa yangu ya Dar ilikuwa nzima, ya mwalimu kweli au si ya mwalimu, lakini ni ya kizazi cha mbele. Ubao wangu haukuijua hata kwa jina. Ubao wa kuifaa upo, ila ubao huo unataka RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, za namna nyingine, zile zangu hazitaingia. Na kompyuta za ofisi kama yangu hutengenezwa kwa namna yake peke yake: pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, lina mdomo usiofaa ubao mwingine, na kasha lenyewe limetobolewa kwa ubao wa zamani tu. Kila alichokitaja kilimvuta mwenziwe. Ilikuwa kama kualika watu harusini, humwaliki mmoja.

"Basi kitabaki nini?" nikamwuliza.

"Diski. Na hilo buibui."

Sichana akakohoa kwenye kiganja.

Nikamwambia kweli, kwamba sina kitu, nimemaliza. Nilitegemea atanipa pole anitoe dukani. Lakini mtu wa biashara ukimwambia huna kitu ndipo anapoanza kufikiri. Aliigeuza ile i7 chini ya taa, akaipuliza.

"Hii ina thamani yake," akasema. "Wewe video zako hazihitaji nguvu zote hizi. Zinahitaji vitu vinavyoelewana. Niachie hii, nikupe i5 ya kizazi hicho hicho, imo tayari kwenye ubao wake, imetoka kwenye kompyuta nzima. Ukitaka kwenda kwenye i7 siku nyingine, tundu ni lilelile. Nakutilia RAM za kutosha, pawa saplai, kasha la kawaida, na diski ndogo ya kasi ya kuwashia. Diski yako utaichomeka mwenyewe nyumbani, pembeni yake, nitakuonyesha tundu."

"Na bei inayozidi?"

Akakuna kidevu. "Binti yangu Shaima anaolewa Mfungo Tatu. Mke wangu anataka video ya kule ndani. Kila siku ananiuliza, Sabri, umempata mtu?"

"Unajua wewe hutoruhusiwa kuitazama."

"Najua."

"Hata kidogo."

"Bi Bahiya, mimi nataka mke wangu aitazame. Akiitazama yeye, mimi nitapumzika."

Tukakubaliana. Nilikaa kwenye kibao pembeni nikamtazama mikono, kama mama alivyoniusia. Dawa ya kupoza alitia tone dogo, kiasi cha punje ya mchele. Nilitamani mama asije akapita Mlandege akaliona.

Tulirudi na kasha jipya, yaani jipya kwetu, na diski mkobani. Mzee Ghanim akauliza mgonjwa vipi. Sichana akamwambia amekatwa kila kitu, amebaki roho. Wazee wakasema roho ndiyo kubwa.

Na kweli, ile kompyuta ilifanya kazi. Nilizitia zile picha za Mtoni, zikaingia kama maji kwenye mtungi. Rasha aliinuka kwenye kiti chake, akafumbua lile jicho, akaenda zake. Ngoma ikalia mkono ulipoangukia. Nilikata, nikaunga, nikatia nyimbo, na kila nilipobonyeza kitu kilitokea pale pale, hata nikawa nabonyeza vingine bila ya haja. Mama akaniletea uji wa mtama mezani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa skuli.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya safari, nikaipeleka video Mtoni. Bi Mize alikuwa amewaita dada zake, wifi zake na majirani. Walikaa sebuleni mbele ya televisheni kubwa kama ukuta, sinia za vileja zinazunguka, mlango umefungwa komeo. Nilichomeka nikakaa nyuma, karibu na Sichana, nimejitayarisha kusifiwa. Nilikuwa nimeshachagua hata namna ya kuinamisha kichwa.

Mwanzo walishangilia. Asumini zilionekana moja moja. Piko alilochorwa Rasha lilionekana hadi ule mchoro uliokatika kwenye kifundo. Kisha kamera ikapita taratibu kwenye nyuso za wageni, na pole pole sebule ikanyamaza. Kila mkunjo ulikuwepo. Kila poda ilionekana ilipoishia. Wifi mmoja alionekana nywele zake zilivyo nyeusi nje na nyeupe kwenye mizizi, na mkufu wa jirani mmoja, uliokuwa ukijulikana Mtoni nzima kuwa dhahabu, ulikuwa umeanza kuota kijani karibu na kishikizo. Mwenye mkufu akainuka akasema anakwenda kusali. Alasiri ilikuwa bado.

Bi Mize alisogea mbele hadi karibu ya kioo.

"Yule ni mimi?" akauliza.

Dada yake mmoja akamsogezea sinia ya vileja.

"Mwanangu Bahiya," akasema bila ya kugeuka, "kazi umefanya, sikatai. Lakini hukuona njia yoyote ya kutuhurumia? Ile video ya dada yake Rasha, uliyotupigia miaka ile, ilikuwa na nuru. Watu wote walikuwa wana nuru."

Nikaikumbuka ile nuru. Ilikuwa ni kamera yangu ya zamani, iliyokuwa haioni vizuri.

Nikamwomba anipe muda mpaka baada ya magharibi. Tukarudi mjini mbio, mimi na Sichana, nikakaa mbele ya ile mashine mpya. Kijana wa ndevu, Mungu amsamehe, alikuwa na video moja pia ya kulainisha sura. Kazi hiyo ni nzito, kompyuta inapitia kila uso katika kila picha na kuufuta kidogo. Ile ya zamani ingelia hadi ikazimia. Hii iliifanya kama mchezo. Sichana alisimama nyuma yangu akitazama mikunjo ya Bi Mize ikiyeyuka.

"Kwa hiyo," akasema, "tumenunua kamera ya kuona, na kompyuta ya kutoona."

Nilimwambia ashike flashi ya kupelekea video anyamaze.

Bi Mize alipoiona ya pili alifurahi hadi machozi yakamtoka. Alinibusu mbele ya wifi zake akasema nimewarudishia watu heshima zao. Mwenye mkufu alirudi akakaa mstari wa mbele. Nilinyenyekea pale, nikainamisha kichwa vile nilivyokuwa nimejizoeza, na safari hii ilifaa.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni Rasha akanifuata. Alikuwa na hina bado mbichi ya safari, ameishika kanga kwa viwiko.

"Da Bahiya, ile ya mwanzo umeifuta?"

"Bado. Nitaifuta leo, usiwe na wasiwasi."

"Usiifute. Nitilie na mimi, lakini mama asijue." Akatazama nyuma, sebuleni kulikuwa na vicheko. "Kule nitakaa muda mrefu. Nnataka nikimtazama nimwone yeye."

Nilimtilia kwenye flashi nyingine, asubuhi Sichana akampelekea akiwa anafunga masanduku, ndani ya bahasha ya picha za paspoti.

Sasa najitayarisha na harusi ya Shaima. Mke wa Sabri amekuja kwetu juzi kupanga mambo, amekaa na mama saa nzima wakizungumza habari za liwa. Alipokuwa anaondoka aliniita pembeni ngazini, akaniuliza kama kweli ile kompyuta aliyonitengenezea mumewe inaweza kutia nuru. Nikamwambia inaweza. Akasema basi nimtilie nyingi, na sura ya mama mkwe wa Shaima niiache kama ilivyo.